Kikohozi cha Mheshimiwa Nyamizi

Ipo nchi moja, jina lake tuliache lilipo maana haipendi kutajwatajwa, ambayo wabunge wake wana uhuru usio na mfano. Mbunge wa huko anaweza kusimama asubuhi akasema bajeti imepikwa na watu wenye njaa, kwamba barabara za jimboni kwake zimebaki kwenye ramani tu, kwamba waziri mhusika hajui hata rangi ya dawa ya malaria, na hakuna atakayemgusa hata unywele. Sharti ni moja. Akimaliza, kabla hajakaa, aseme: "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Hapo meza zitapigwa, waziri atatabasamu, na yote yaliyosemwa yatahesabiwa kuwa hayajasemwa.

Kuna mbunge wa zamani aliyewahi kuiita bajeti wizi wa mchana kweupe tangu anaanza hotuba hadi karibu na kengele. Aliilaani, akaichana, akaikanyaga, kisha akaiunga mkono kwa asilimia mia moja. Walimpa tuzo ya ujasiri. Barabara moja ya mjini imepewa jina lake, ingawa bado haijajengwa.

Mheshimiwa Nyamizi Luhende, mbunge wa Igundu, hakuwa mtu wa makeke hayo. Tangu aingie bungeni alikuwa akiunga mkono kila kitu, hata hoja moja ambayo mwenyewe aliyeileta alikwisha kuiondoa. Wakubwa walimpenda kwa unyoofu huo, na kulikuwa na minong'ono kwamba yuko kwenye foleni ya unaibu waziri. Lakini safari hii alisimama akiwa na jambo lililomkaa rohoni. Mdogo wake, Mbuke, alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza iliishia njiani. Zahanati ya Igundu ilikuwa imefungwa kufuli tangu muuguzi wake astaafu, ikabidi Mbuke apakiwe kwenye baiskeli kupelekwa hospitali ya wilaya, na mtoto akazaliwa kando ya barabara wala hakulia. Nyamizi ndiye aliyemrudisha mtoto yule nyumbani, amemfunga kwenye khanga. Hakuwahi kumsimulia mtu jinsi alivyokuwa mzito.

Basi akaanza hotuba kama inavyotakiwa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Mkuu wa Nchi, akamshukuru Spika, waziri, naibu wake, dereva wa waziri, na wapiga kura mwishoni kwa kuwa walikuwa mbali. Shukrani zikala nusu ya muda. Kisha akasema yake.

"Mheshimiwa Spika, Igundu tuna shule yenye mwalimu mmoja. Akiumwa yeye, shule nzima imeumwa. Tuna zahanati nzuri, imepakwa rangi, ina kila kitu isipokuwa mtu wa kuifungua. Na wezi wa ng'ombe siku hizi wanakuja mchana, wanatuamkia vizuri, wanauliza ni zizi la nani lenye maziwa mengi. Yaani mtoto wa Igundu hasomi, akiugua hatibiwi, na akibahatika kupona anaibiwa. Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, na..."

Hapo koo likamshika. Ukumbi ule una ubaridi wa mashine unaoweza kuhifadhi samaki. Alikohoa, akajaribu tena, akakohoa zaidi. Kengele ikalia, kipaza sauti kikazimwa, naye kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii kengele, akakaa.

Waliokuwa wamesinzia wakazinduka, maana walizoea kuamshwa na kishindo cha meza, na kishindo hakikuja. Mheshimiwa Pendaeli, jirani yake wa kiti kwa miaka yote, akataka kusogeza kiti pembeni, akakumbuka kwamba viti vya bunge vimefungwa sakafuni, akaamua kusogeza mwili.

"Hukusema," alinong'ona bila kumtazama.

"Sikusema nini?"

"Usinitie matatani, Mheshimiwa. Mimi na wewe hatujuani."

Kesho yake Nyamizi aliitwa kwa Waziri wa Utulivu. Waziri huyo, Mheshimiwa Kilongozi Mbiru, alikuwa mtu mpole kabisa, mwenye kuongea taratibu, na ambaye watu wakitoka ofisini kwake husahau walikokuwa wanakwenda.

"Nani yuko nyuma yako?" aliuliza.

Nyamizi akageuka. Palikuwa na pazia. Waziri naye akalitazama lile pazia, akabonyeza kengele, wakaja vijana wawili wakalifungua, wakalipekua pindo, wakalirudisha.

"Nilikohoa tu, Mheshimiwa Waziri."

"Sawa. Ulikohoa wakati gani? Kwenye shukrani hukukohoa. Kwenye shule, zahanati na ng'ombe, sauti ilikuwa inatoka safi kabisa. Ukafika panapoanza serikali, ndipo ukakohoa." Waziri akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nchi hii imejengwa juu ya misingi mitatu, Mheshimiwa. Umoja, utulivu, na asilimia mia moja. Kikohozi kinachojua kuchagua mahali pa kutokea si kikohozi. Huo ni msimamo."

"Basi niseme sasa hivi yaishe. Naunga mkono..."

"Nyamaza." Waziri aliinua kiganja. "Maneno hayo yako chini ya uchunguzi. Mpaka tujue kwa nini juzi hukuyasema, ukiyasema leo utakuwa unavuruga ushahidi. Nenda nyumbani ukapumzike. Usiunge mkono kitu chochote, hata kwa mumeo."

Aliposema juzi alimaanisha jana, lakini katika wizara ile ya Utulivu tarehe za jana hazitolewi ovyo. Nyamizi alirudi jimboni hajui kama atakamatwa njiani au atangojewa nyumbani.

Alingojewa nyumbani. Alipofika mahali ambapo vumbi la Igundu huanzia, alikuta kizuizi, na nyuma ya kizuizi mahema, na mbele ya mahema Kamanda Mbarazi, mwanamume mnene mwenye shavu lililovimba kwa jino bovu.

"Tumekuja kuwangoja walio nyuma yako," alisema Kamanda, amejishika shavu. "Wakija kukuona, tunao."

Wa kwanza kuja walikuwa wezi wa ng'ombe, kama kawaida yao, mchana. Waliona mahema, wakaona bunduki, wakasalimia kwa adabu wakidai wamepotea njia, na hawakuonekana tena Igundu. Kamanda hakuwakamata kwa sababu hawakuwa wamemwulizia Mheshimiwa.

Kisha wakaripoti walimu wapya shuleni, wote wamevaa suti za aina moja na miwani ya jua ya aina moja. Walitumwa kuwasikiliza watoto, maana mtoto ndiye anayetoa nje yanayosemwa ndani. Lakini mtu hawezi kukaa darasani mchana kutwa akisikiliza tu watoto wasimshtukie, kwa hiyo ikabidi wafundishe. Aliyepewa hisabati alikuwa bingwa wa kuhoji watuhumiwa. Alikuwa na subira ya ajabu. Alimwuliza mtoto swali lilelile, kwa upole uleule, mpaka jibu lenyewe likajitokeza, na mwalimu wa zamani, aliyekuwa peke yake miaka yote, akaenda kukaa nyuma ya darasa ajifunze.

Mwisho wakaja madaktari. Hao walikuwa jopo, na kazi yao ilikuwa kuthibitisha iwapo kikohozi cha Mheshimiwa ni cha kienyeji au kimetoka nje ya nchi. Walihitaji zahanati. Ufunguo alikuwa nao mtendaji wa kata, na mtendaji wa kata alikuwa kwenye semina ya utunzaji wa funguo, hivyo kufuli likavunjwa. Ili walinganishe, wakaamuru wanakijiji wote waje kukohoa. Watu wakapanga foleni, wakakohoa mmoja mmoja mbele ya mashine. Na unajua mtu akishavua shati mbele ya daktari, mdomo nao unafunguka. Huyu akataja mgongo, yule akaonyesha jicho, mwingine kidonda cha tangu mavuno yaliyopita. Madaktari wakawatibu wote ili wasije wakashtuka kwamba wanachunguzwa. Hata Kamanda aling'olewa jino lake pale.

Miongoni mwao alikuwepo mkunga, Bi Asteria, mama mpana mtulivu aliyeletwa kwa kuwa wizara inaamini mwanamke mwenye uchungu hawezi kuficha siri. Alimpima Mbuke, akampima mara ya pili, kisha akamwita Nyamizi pembeni.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Huyu hazaliwi nyumbani, Mheshimiwa, na habebeki kwa baiskeli. Siku yake ikifika, lazima niwepo mimi na daktari mmoja hapa. Tukiwepo, atatoka salama."

"Na msipokuwepo?"

Bi Asteria akaanza kukusanya vipimo vyake.

Kijiji kilimsifu mbunge wake. Watu walimpa mkono njiani, wakamwambia kura zake ziko palepale. Nyamizi hakufurahi hata kidogo. Maisha yake yote serikali haikuwahi kumpa kitu kabla ya kukitangaza, kukizindua, na kukiahirisha. Hii iliyokuja mbio bila ngoma ilimtia hofu. Aliacha kuzungumza ndani ya nyumba isipokuwa habari za mvua, na akagundua kwamba mwalimu wa jiografia anaziandika hizo pia. Akaacha na mvua.

Mumewe naye alikuwa na lake. Alikaa nalo siku kadhaa, akila chakula ameinamia sahani, mpaka likamshinda.

"Mama Shija, nikuulize jambo, usinifiche. Huyo mtu aliye nyuma yako ni mwanamume?"

"Hakuna mtu nyuma yangu, Baba Shija."

"Serikali nzima ihangaike hivi kumtafuta mtu ambaye hayupo?"

Swali lilikuwa la haki. Nyamizi alijikuta naye anaanza kujishuku, anajiuliza usiku na mchana kama kweli koo lilimshika lenyewe, au kulikuwa na kitu ndani yake kilicholishika.

Kamanda Mbarazi alikuja asubuhi moja, amevua kofia, sura kama ya mtu anayeleta tanzia.

"Nina habari njema, Mheshimiwa," alisema. "Uchunguzi umekamilika. Huna mtu nyuma yako. Umeonekana ni mtu mwaminifu aliyekohoa. Bunge likikaa wiki hii utasimama, utayasema maneno, utasafishwa mbele ya taifa. Na nimesikia kuna unaibu unakungoja. Naibu Waziri wa Utulivu."

Nyamizi alikaa chini kwa jinsi moyo ulivyomshuka kwa faraja. Aliona mwisho wa mashaka, akaona gari lenye bendera, akamwona Pendaeli akisogeza mwili kumrudia. Kisha akauliza, karibu kwa mazoea tu, "Na hawa wote?"

"Kesi ikifungwa tunarudi makao makuu. Mahema, walimu, madaktari. Vifaa pia."

"Na Bi Asteria?"

"Bi Asteria ni mkaguzi wa upelelezi, Mheshimiwa. Ukunga ni kificho chake tu. Siku unayosema maneno, jioni yake yupo kwenye lori."

"Mbuke amekaribia, Kamanda. Hawezi kungoja, wala hawezi kwenda."

Kamanda akageuzageuza kofia mikononi. Shavu lake lilikuwa limenywea, likamfanya aonekane mdogo. "Mimi ni mtu wa amri," alisema. "Kwetu nilikotoka hakuna hata zahanati ya kufungia kufuli."

Nyamizi alimshuku, kama alivyomshuku kila mtu siku zile, lakini hakuwa na mwingine wa kumwuliza. "Na kama ingeonekana yuko mtu nyuma yangu?"

"Swali hilo sijalisikia," alisema Kamanda, akavaa kofia yake. "Ningelisikia, ningesema kesi isiyokwisha haina siku ya kurudi."

Bunge lilijaa. Hata waliokuwa wagonjwa nje ya nchi walirudishwa wakae kwenye viti vyao. Spika alitoa maneno ya utangulizi, akaeleza kwamba demokrasia ya nchi hiyo imekomaa kiasi kwamba mtu anaweza kukohoa na bado akasikilizwa, na kwamba mataifa makubwa yanakuja kujifunza hilo. Waziri Mbiru alikuwa akitabasamu. Kando yake kiti kimoja kilikuwa wazi, kimefutwa vumbi.

Nyamizi akasimama. Alimshukuru Mungu, Mkuu wa Nchi, Spika, waziri, dereva. Alizirefusha shukrani kadiri alivyoweza kwa sababu alikuwa anaogopa, anaogopa kweli, kwa namna ambayo hajawahi kuogopa kitu. Alikuwa anajua aliyesafishwa huenda wapi, na asiyesafishika huenda wapi pia. Alikitazama kile kiti. Halafu ukamrudia mikononi ule uzito, wa khanga ile, barabarani.

"Mheshimiwa Spika," alisema, na koo lilikuwa safi kabisa, "naunga mkono hoja."

Meza zikaanza kupigwa.

"Kwa asilimia tisini na tisa."

Mikono iliyokuwa imeinuliwa kupiga meza ikabaki hewani. Mbunge mmoja mzee, mwenye usikivu hafifu, alipiga peke yake mara mbili, akatazama huku na huku, akaificha mikono chini ya mapaja.

"Mheshimiwa," Spika alisema, "hiyo moja iko wapi?"

"Sijui, Mheshimiwa Spika. Nimeitafuta sana."

"Umempa nani?"

Nyamizi alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kunyamaza kwa makusudi.

Waziri wa Utulivu akaomba kutoa kauli ya serikali. Hakutabasamu tena. Alisema kikohozi kingeweza kusamehewa, lakini hii ni hesabu, na mtu hapigi hesabu peke yake. Alisema wataalamu wake wamekwisha kukadiria kwamba kila raia akificha asilimia moja, taifa litakuwa limepoteza wilaya nzima bila risasi kupigwa. Alisema serikali itaitafuta asilimia hiyo popote ilipo, kwa gharama yoyote, na kwa muda wowote utakaohitajika. Kiti kilichofutwa vumbi kikatolewa nje, na chama kikatangaza kwamba Mheshimiwa Nyamizi hatagombea tena. Nyamizi alitoka pale anajua amekwisha. Alilia garini, njia nzima, bila kujificha, kwani dereva naye alikuwa mpelelezi na angeandika hata kama angejificha.

Lakini malori yalimtangulia kufika Igundu, na yalikuwa yanaingia, si kutoka. Lililetwa gari la wagonjwa, la kumfuata Mheshimiwa endapo atatoroka akiwa mgonjwa. Ililetwa jenereta. Ililetwa mashine ya eksirei, ya kuitafuta asilimia moja ndani ya kifua chake. Haikuonekana, ila wakati wa kuijaribu mashine kilionekana kifua kikuu cha mzee mmoja aliyedhaniwa amerogwa, akaanza dawa, akapata nafuu, na mganga aliyekuwa akimchaji mbuzi kila mwezi akahama kama wezi wa ng'ombe.

Pendaeli alipiga simu, amebana pua ili asitambulike.

"Mheshimiwa, sisi kwetu hata daraja hatuna," alisema. "Hebu niambie, wewe ulianzaje? Ulianza na kikohozi, au naweza kwenda moja kwa moja kwenye hesabu?"

"Mheshimiwa," alijibu Nyamizi, "mimi na wewe hatujuani."

Wiki hiyohiyo kikohozi kilizuka bungeni, kikianzia viti vya majimbo ya pembezoni, na Spika akapiga marufuku kukohoa bila kibali.

Uchungu ulimshika Mbuke adhuhuri. Gari la wagonjwa, lililokuwa likimnyemelea Nyamizi sokoni, likalazimika kumchukua yeye na mdogo wake kwa pamoja ili lisimpoteze. Bi Asteria na daktari walikuwa tayari wamenawa. Nyamizi alibaki nje, kwenye benchi, katikati ya askari wawili waliokuwa na amri ya kumtazama, na ambao nao walikuwa wameacha kumtazama na kuukazia macho mlango. Baba Shija alikuja na chupa ya chai, akamimina, akawapa askari, akampa mkewe, hakuuliza habari za mwanamume yeyote. Muda ulikwenda. Mbuke alipiga kelele, akanyamaza, akapiga tena. Kisha pakawa na kimya kile ambacho Nyamizi alikuwa anakijua.

Halafu mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Nyamizi alijifunika uso kwa ncha ya khanga, na mmoja wa wale askari akageuka upande wa pili, kinyume cha amri.

Kamanda Mbarazi alitokea kwenye mahema akiwa na daftari lake la wageni. Alisimama mbele ya benchi, akatoa kalamu.

"Ameingia mtu eneo la uchunguzi," alisema. "Hakupita kizuizini. Ni mgeni wako, Mheshimiwa?"

"Ni mgeni wangu."

"Ametumwa na nani?"

Nyamizi alifuta macho. "Hakusema, Kamanda. Amelia tu."

Kamanda akaandika polepole, akipigia mstari. "Huyu itabidi tumngoje aseme," alisema. "Amri hairuhusu kuondoka kabla mgeni hajahojiwa."

"Watoto wa ukoo wetu huchelewa kusema."

"Sisi hatuna haraka," alisema Kamanda Mbarazi, akafunga daftari, akaenda kuwaambia vijana wake waanze kuchimba choo cha kudumu.